Saa Nne Kwenye Kona ya Ulezi

Niseme mapema kabla wengine hawajanisemea: mbio zile nilizipanga mimi, nikazivuruga mimi, nikazishinda mimi. Katika hilo la mwisho ndipo nina mtu wa kugawana naye sifa, na sipendi kugawana sifa, kwa hiyo mjue kwamba alistahili.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni kijana niliyeoa juzi tu. Zahanati ya misheni pale Tarime ilikuwa ikipeleka dawa kila wiki hadi Nyansurura, ng'ambo ya Mto Mara. Dawa zilibebwa na wazee wawili waliotembea kwa miguu, na safari yao iliwachukua siku nne kwenda na kurudi, mvua ikinyesha tano. Mganga wa zahanati akachoka. Akatangaza kanisani kwamba anataka mtu mmoja mwenye baiskeli yake na mapafu yake, aajiriwe kazi ya kudumu. Tukajitokeza wawili.

Mganga alikuwa Mjaluo mrefu kutoka kandokando ya ziwa, mtu asiyependa maneno mengi. Alichopenda ni saa yake ya mfukoni. Akasema hatachagua kwa sura wala kwa barua ya mchungaji. Kila mmoja ataondoka peke yake kwa siku yake, saa kumi na mbili asubuhi kamili, akiwa na sanduku la chupa kumi na mbili zilizojazwa maji na kuzungushiwa nyasi kavu. Atafika Nyansurura, mwalimu wa kule atamwekea sahihi kwenye karatasi, naye atageuza kurudi siku hiyo hiyo. Atakayetumia muda mfupi ndiye. Chupa ikivunjika hata moja, asijisumbue kueleza. Tukauliza kama wasaidizi wanaruhusiwa. Akasema hata dereva wa lori ana utingo wake, tuwapange tunavyotaka, ila hakuna mwingine wa kugusa pedeli.

Mwenzangu alikuwa askari wa zamani aliyerudi kutoka vitani na mapaja manene kama michi. Alikwenda siku ya Jumanne. Akarudi saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, chupa zote nzima, akashuka akasimama wima kama yuko gwaride. Watu wakampigia makofi. Mimi nilipiga pia, huku moyoni nikisema huyu nitamla mapema kabisa.

Lakini usiku sikuwa jasiri namna hiyo. Mke wangu alikuwa na mimba ya mwezi wa saba. Wengi wa rika langu walishakwenda Kericho kwenye mashamba ya chai, na mkataba wa kule ulikuwa miaka miwili. Nisipopata kazi ya baiskeli, njia yangu ilikuwa hiyo, na mtoto wangu angenijua tayari anakimbia uani na kuniita mgeni. Sikutaka kabisa. Nilimwambia mke wangu kwamba sitakwenda Kericho, nikamwambia kwa sauti kubwa, kana kwamba uamuzi ulikuwa wangu.

Basi nikapanga watu. Wa kwanza alikuwa fundi baiskeli kutoka Susuni, mfupi, mwenye mdomo, ambaye angenifuata nyuma na baiskeli yake akibeba pampu, viraka na solusheni. Wa pili na wa tatu walikuwa wenzangu wa rika, tuliotahiriwa msimu mmoja. Hawa wangengoja pale mtoni na kamba, kunivusha mimi na chombo changu mahali maji yanapofika kiunoni na viboko hawapapendi sana. Wa nne alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kazi yake ilikuwa chakula.

Na hapo kwenye chakula ndipo mambo yalipo.

Ukishaipita Nyamongo, kabla njia haijateremka kwenda mtoni, palikuwa na kona. Kushoto shamba la ulezi, kulia mji wa wakwe zangu, na kihenge chao kimesimama karibu kabisa na barabara. Mama mkwe wangu alikuwa anapika uji wa ulezi ambao watu walikuwa wanausimulia. Uji ule ukiunywa saa nne, unaweza kulima hadi jua linazama bila kuuliza chakula. Nilikuwa sijawahi kuunywa mbele yake, maana kwetu Wakurya mkwe haonwi. Ukikutana na mama mkwe njiani unaacha njia, unaingia porini, unampa mgongo mpaka apite, na yeye vilevile anakupa wake. Humshiki mkono, huli mbele yake, humtaji jina. Na akikukuta hujavaa vizuri, hilo si jambo la kusema samahani. Linaitiwa wazee, linachinjiwa mbuzi, na mpaka limalizike husafiri wala huanzi shughuli yoyote mpya, hasa kama mkeo ana mimba. Wageni wanacheka wakisikia. Sisi hatucheki, kwa sababu ni heshima, na heshima ikikupotea kwa wakwe huna pa kuiokota.

Kwa hiyo nilimwambia shemeji, "Mama apike, akiweke kibuyu juu ya jiwe pale kwenye kona, halafu aende zake shambani. Mimi nitapita saa nne. Si kabla, si baada."

Saa nne ilikuwa rahisi kwa kila mtu. Karibu na pale palikuwa na shule ndogo ya misheni, na saa nne waligonga ringi ya gari iliyotundikwa mtini ili watoto watoke kucheza. Mama mkwe alishazoea kupima siku yake kwa ringi ile. Angeweka uji na kuondoka kabla haijalia, na mimi ningefika inapolia. Shemeji akasema sawa. Nilijiona mtu mwenye akili nyingi sana.

Alhamisi asubuhi mganga akaitazama saa yake, akainua kidole, akakishusha. Nikaondoka.

Sijui niwaelezeje asubuhi ile. Tarime ina baridi ya vilima, na vumbi lilikuwa bado limelala kwa umande. Baiskeli yangu ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, breki ya mbele tu ndiyo iliyofanya kazi, lakini siku ile ilikuwa inanisikia. Kila kilima nilichokiogopa nilikikuta kimekwisha. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama kunitazama nami nikapiga kengele bila sababu yoyote. Fundi alikuwa nyuma akipiga kelele, akiniita kijana kwa neno la kwetu, "Mura! Mura, punguza! Huku ni kwenda tu, kuna kurudi!" Nikamjibu kwamba kurudi nitarudi nimelala. Baada ya muda sikumsikia tena.

Kabla ya Nyamongo jua likaanza kuuma. Nikavua shati nikalifunga kwenye keria, chini ya kamba ya sanduku. Watu waliokuwa wakichimba dhahabu kwa sururu kando ya njia wakainua vichwa, mmoja akaniuliza nimeiba nini. Nikacheka nikapita. Nilikuwa nafikiria saa ya mganga na uso wa yule askari, nikawa nimesahau kabisa ringi ya shule. Kweli nilisahau. Mtu aliyepanga mpango ule kwa dakika zake alikuwa mimi, na aliyeuvunja kwa zaidi ya nusu saa nzima ni mimi pia, kwa sababu ya kufurahia miguu yangu.

Nilipokata ile kona, mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza anatoka langoni na kibuyu mikononi. Kati yetu zilikuwa hatua kama thelathini.

Mikono yangu ilikuwa na akili kuliko kichwa. Nilishika breki, nikaiegemeza baiskeli kwenye jiwe taratibu kama naweka yai, kwa ajili ya chupa, halafu nikaruka ndani ya ulezi nikalala kifudifudi. Kwa upande wake nilisikia kishindo cha miguu na kibuyu kikigonga kitu. Alikuwa amekimbilia nyuma ya kihenge.

Nikatega sikio. Kuku tu.

Sasa angalieni jinsi tulivyokaa. Yeye akitaka kurudi nyumbani lazima apite mbele ya ulezi, na ulezi ulikuwa wa kufika kiunoni tu. Mimi nikitaka kuendelea na safari lazima nipite mbele ya kihenge. Shati langu lilikuwa kwenye baiskeli, na baiskeli ilikuwa katikati yetu, juani. Shemeji, aliyeambiwa saa nne, alikuwa amekwenda kutafuta nyasi za kuongezea kwenye sanduku. Fundi nilikuwa nimemwacha mwenyewe, kwa maringo. Nililala pale na wadudu wananitembea mgongoni, nikiona kila dakika niliyoipata tangu alfajiri ikienda zake, na Kericho ikija. Nilijichukia sana. Niliwahi kufikiria niinuke tu nipite uchi wa kifua, liwalo na liwe. Kisha nikamfikiria mtoto aliye tumboni, nikabaki nimelala.

Pale karibu na kihenge palikuwa na ndama aliyefungwa kwenye kigingi. Muda ukaenda, halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu nioe ikiwa karibu namna ile. Alikuwa anasema na ndama.

"Ndama wewe, huyu mwenye baiskeli si alisema saa nne?"

Nikasema, nami kwa ndama, "Ndama, mwambie aliyeuliza kwamba mwenye baiskeli amewahi."

"Ndama, ringi haijalia."

"Ndama, ni kweli haijalia."

"Basi, ndama, mimi nimefunika uso kwa shuka. Mwenye baiskeli apite aende zake."

Hapo nilitamani ardhi inimeze. "Ndama," nikasema, "mwenye baiskeli hana shati."

Nilisikia kitu kama mtu anayebanwa na kikohozi. Ilinichukua muda kutambua kwamba mama mkwe wangu alikuwa ameziba mdomo na shuka lake anacheka. Mke wangu hucheka hivyo hivyo. Sikuwa najua kicheko hicho amekitoa wapi.

"Ndama," akasema alipopata pumzi, "mwambie asiinuke. Tutangoja mtu."

Tukangoja. Aliniuliza kupitia kwa ndama kama chupa ni nzima, nikamjibu ni nzima. Akauliza yule mwingine alirudi saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza kwenye kupanda vilima ninashikaje kibuyu na usukani kwa pamoja, nikasema huwa nashuka, nakunywa, napanda tena, na kushuka huko ndiko kunakokula muda na kukaza miguu. Mwisho akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Ndama, na Kericho ni kweli?"

"Ndama, ni kweli, nikishindwa."

Nikasikia akikisogeza kibuyu upande wa njia.

Fundi alifika akihema, akaiona baiskeli peke yake njiani, akadhani nimeuawa. Nikamwita kutoka kwenye ulezi. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini, nami nikamtukana matusi ambayo mbele ya mkwe hayatamkiki, kwa hiyo niliyatukana kimoyomoyo. Alinitupia shati. Nilikuwa nafunga kifungo cha mwisho, nimelala chali, ringi ya shule ikalia. Saa nne. Faida yangu yote ya asubuhi ilikuwa imekwisha palepale kwenye ulezi, na miguu niliyoichomea faida hiyo ilikuwa imekwisha nayo.

Nilipita mbele ya kihenge nikitazama upande wa pili, shati limefungwa hadi shingoni. Kibuyu nilikiacha. Sikuwa na uso wa kukichukua.

Safari ya kutoka pale hadi Nyansurura sitairefusha. Wenzangu wa rika walinivusha, mmoja amebeba baiskeli kichwani, mmoja sanduku, wakiimba ovyo. Ng'ambo jua lilikuwa kali, njia ya mchanga, na ng'ombe hawajui kwamba mtu anashindana na saa. Mwalimu akaweka sahihi saa sita, akanipa maji, akaniambia yule askari alifika mapema kuliko mimi. Nikamshukuru kwa taarifa.

Kurudi ndiko kulikonilipa nilichokitafuta. Mwiba wa mgunga uliingia tairi la nyuma, na fundi wangu akalifumua, akaweka kiraka na kulirudisha haraka kuliko ninavyosimulia, huku akisema na mimi kuhusu kufurahia miguu. Mtoni nilitoka kwenye maji mapaja yakashikana, nikaanguka ukingoni. Wale wa rika wakanikanda kwa mafuta ya ng'ombe, wakaniambia, "Mura, panda. Hatukuvusha mtu wa Kericho." Nikapanda. Lakini kile kilima cha kutoka mtoni hadi kwenye kona nilikipanda nikihesabu pedeli moja moja. Njaa ilikuwa imenifanya mwepesi kichwani. Nilikuwa nawaza kwamba pale kwenye kona itabidi nishuke, niangalie kwanza, nitume fundi achungulie, nijifiche, niombe njia. Nilijua nikishuka pale sitapanda tena.

Kabla ya kona nikasikia vigelegele.

Nikafunga kifungo cha shingo kwa mkono mmoja, nikainua macho. Kandokando ya barabara, upande wa kihenge, walikuwa wamesimama wanawake wa miji yote ya pale, labda ishirini, labda zaidi. Wote walikuwa wamejifunika shuka kichwani. Wote walikuwa wamenipa mgongo. Walitazama kihenge, walitazama mashamba yao, hakuna hata mmoja aliyetazama njia, na walikuwa wanapiga vigelegele kwa nguvu zao zote. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Nisingeweza kumjua ni yupi hata kama ningethubutu kutafuta, na kwa kuwa sikumjua, sikuwa na wa kumkimbia. Njia ilikuwa wazi.

Na mwisho wa mstari ule, kando kabisa ya barabara, palikuwa pamechimbiwa mti wenye panda, kimo cha usukani wa baiskeli. Kwenye panda kilining'inia kibuyu chenye kamba ndefu, kizibo kimeshalegezwa. Mwanamke yule hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alikuwa ameuliza maswali mawili matatu kupitia kwa ndama, akakaa akafikiri, akapanga kitu ambacho mimi na fundi na shemeji hatukukifikiria kwa wiki nzima. Nilinyoosha mkono nikakinyakua bila kugusa breki. Uji ulikuwa wa vuguvugu bado. Niliunywa nikiendesha, machozi yananitoka, na sioni aibu kulisema.

Nilisikia vigelegele vile mpaka nikavuka Nyamongo, ingawa fundi anasema nilikuwa nasikia masikio yangu mwenyewe.

Nilifika Tarime saa kumi na mbili na dakika nane. Nilishuka nikaanguka. Mganga alinivuka, akaenda kwenye sanduku, akatoa chupa moja moja na kuzisimamisha barazani, akahesabu hadi kumi na mbili. Akaitazama saa yake mara mbili. "Anza Jumatatu," akasema, akaingia ndani.

Mke wangu alipokwenda kwao kujifungua nilimpa ujumbe. Nilimwambia amshukuru mama yake kwa maneno mazuri, nikamfundisha maneno yenyewe, marefu, nikayarudia mara mbili. Alirudi na mtoto wa kiume mgongoni na jibu fupi.

"Mama anasema, mwambie mwenye baiskeli, saa nne ni saa nne."

Kazi ile niliifanya mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Wiki nyingi miguu ilinipa haraka nisiyoihitaji, nikajikuta karibu na ile kona mapema. Nilishuka, nikavaa shati, nikakaa juu ya sanduku la dawa nyuma ya kilima, mahali asipoweza kuniona. Ringi ikilia ndipo nilipopanda. Na kila nilipokata kona njia ilikuwa haina mtu, na kibuyu kilikuwa kwenye mti wake.